Kugawa kilobaiti 64

Kwenye kipindi cha juzi niligusia kwa sekunde chache tu kwamba ninaunda kompyuta yangu mwenyewe, chipu kwa chipu, na mwenzangu akacheka akahamia mada nyingine. Basi ujumbe ukaanza kuingia. Wengine mliuliza kama nimepatwa na nini, manake kazini nashinda na mashine zenye gigabaiti 64 za memori, halafu nyumbani nakaa kuhangaika na kilobaiti 64, yaani pungufu kwa zaidi ya mara milioni moja. Wengine mlitaka mambo yenyewe hasa: chipu gani, memori imegawanywaje, programu ya ndani ataandika nani. Safu ya leo ni ya hawa wa pili. Hao wa kwanza nao wakae tu, kahawa ipo.

Chipu ni 6502. Ilitoka mwaka 1975, kazi ya Chuck Peddle na wenzake pale MOS Technology, na iliuzwa dola 25 wakati wenziwe wanauzwa mamia ya dola. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Apple ya kwanza, na ndani ya BBC Micro ambayo kaka zetu wakubwa waliikuta madarasani hapa Uingereza miaka ya themanini. Toleo lake la kisasa, 65C02, bado linatengenezwa na kuuzwa jipya, kwa hiyo si lazima uchokonoe mashine ya makumbusho. Unaagiza, inakuja kwenye bahasha.

Ina waya 16 za anwani. Hiyo ndiyo hesabu yote ya kiwanja chako: mbili zidisha mara kumi na sita, unapata anwani 65,536, na kila anwani inabeba baiti moja. Hapo ndani lazima zikae RAM, ROM, na vifaa vyote vya kuongea na dunia. Hakuna chumba cha ziada. Anwani nitaziandika kwa heksa kama wafanyavyo watu wa fani, kutoka 0000 hadi FFFF. Usiogope, heksa ni kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, na A mpaka F ni tarakimu tu.

Watu wengi wanadhani mwenye mashine ana uhuru wa kupanga atakavyo. Hana. Chipu imekwisha kuweka mipaka miwili kabla hujashika kalamu. Chini kabisa, 0000 hadi 00FF, ni ukurasa sifuri, na maagizo yanayousoma huo ni mafupi na ya haraka: kusoma baiti pale kunachukua baiti mbili za programu na midundo mitatu ya saa, wakati pengine popote ni baiti tatu na midundo minne. Juu yake, 0100 hadi 01FF, ndipo rundo linapokaa, na halihamishiki. Vyote viwili vinataka kuandikwa, kwa hiyo chini pawe RAM. Juu kabisa, 6502 ikiamka inakwenda kusoma FFFC na FFFD ili ijue ianzie wapi. Umeme umewaka sasa hivi, RAM haina kitu cha maana, kwa hiyo juu lazima pawe ROM. Z80, ile ya ZX Spectrum, ni kinyume: inaanzia 0000, ndiyo maana Spectrum ROM yake iko chini na RAM inaanzia 4000. Ukishaijua chipu ya mtu, nusu ya ramani yake unaweza kuichora bila kuuliza.

Katikati ndipo penye ubishi. Video za Ben Eater, ambazo naamini ndizo zilizotuingiza wengi wa rika langu kwenye shughuli hii, zinatumia chipu moja ya mageti kuchagua nani aongee. Ni safi kwa kufundishia, ila katika RAM ya 32K unatumia 16K tu, nyingine inalala. Mimi sikutaka RAM ilale. Nilitaka pia isizidi chipu mbili za kuchagulia, manake kila geti linachelewesha ishara kidogo, na kila soketi ni waya kumi na zaidi za kukata, kumenya na kukagua.

Nilipofika ni hapa. RAM yote 32K iko 0000 hadi 7FFF, na haihitaji geti lolote: pini yake ya kuchaguliwa inafanya kazi ikiwa chini, na waya wa A15 uko chini kwenye nusu hiyo yote, basi nimeunganisha moja kwa moja. ROM iko C000 hadi FFFF, 16K, pale A15 na A14 zote ziko juu: geti moja la NAND. Vifaa viko 8000 hadi 9FFF, na hapo nimetumia chipu ya 74HC138, ambayo ina pini tatu za ruhusa, moja inayotaka juu na mbili zinazotaka chini. A15, A14, A13, zimeingia kama zilizaliwa pamoja. Chipu hiyo hiyo inagawa sehemu hiyo vipande vinane vya 1K. Kipande cha 8000 ni 65C22, yenye milango miwili ya biti nane nane na saa mbili za kuhesabia. Cha 8400 ni 65C51, ya siriali, inayoongea na laptopu yangu kuukuu kwa kasi ya 19200. Vipande sita vimebaki.

Ndiyo, ni ubadhirifu. 65C22 ina rejista 16 tu na nimeipa anwani 1024, kwa hiyo inajirudia mara 64 ndani ya kipande chake. BBC Micro walibana vifaa vyao kwenye kurasa chache juu kule, FC00 hadi FEFF, ili kila baiti nyingine ifanye kazi. Walikuwa na sababu. Model B ilikuwa na RAM ya 32K, na skrini peke yake kwenye baadhi ya modi ilikula 20K. Mimi sina skrini ya kulisha, laptopu ndiyo skrini.

Geti la pili na la tatu linalinda uandishi. Wanaoanza naomba walizingatie hili, kwa sababu hitilafu yake huja leo, kesho haipo: RAM isiruhusiwe kuandikwa mpaka saa iko nusu yake ya juu. Kabla ya hapo anwani bado zinatulia, na RAM itaandika mahali popote ilipoona anwani kwa dakika hiyo. Geula ishara ya kusoma na kuandika, ichanganye na saa kwenye NAND, tokeo liende kwenye pini ya kuandika. 65C22 na 65C51 msiziwekee hilo, zina pini zao za saa, zinajijua. Geti la nne halina kazi. Nimelifunga pini zake za kuingilia chini, nikamshukuru Mungu.

Mmeona A000 hadi BFFF sijaitaja. Ni kiwanja kitupu, 8K, kina mwenyewe. Nitakuja huko.

Na ROM ni chipu ya 28C256, EEPROM ya 32K, ila mashine inaona 16K tu. Nusu nyingine? Pini ya A14 ya chipu hiyo sikuiunganisha na A14 ya 6502. Nimeiweka kwenye jampa. Jampa ikiwa huku mashine inaamka na nusu ya kwanza, ikiwa kule inaamka na nusu ya pili. Mifumo miwili ndani ya chipu moja, unachagua kwa kidole. Jampa hii ndogo, ya bei ya peremende, ndiyo iliyoleta mzozo nyumbani kwetu.

Kompyuta hii, sikuwaambia kwenye kipindi, ni ya binti wa kaka yangu. Ana miaka 11. Ananiita shangazi, na hilo ni moja kati ya maneno yake ya Kiswahili labda hamsini. Kila Ijumaa bibi yake anapiga simu kutoka Mombasa, mtoto anasema shikamoo, anasema sijambo, kisha anampa mtu simu kwa haraka kama imemuunguza. Anaelewa mengi kuliko anavyosema. Sisi tulilelewa na wazazi waliokuwa wakitujibu kwa Kiswahili hata tukiwasemesha Kiingereza. Yeye amelelewa na sisi. Hesabu yake mnaijua wenyewe, tumeiongelea vipindi vingapi.

Kwa hiyo nilitaka mashine isiyojua lugha nyingine. Si programu ya kujifunzia maneno, hizo anazo kwenye simu na hazifungui. Nilitaka kitu ambacho ukitaka kikutii lazima ukiamrishe kwa Kiswahili, na kisichokucheka matamshi.

Nilianza na monita, ile programu ndogo ya kutazama na kubadili memori. Wozniak aliibana ya Apple ya kwanza ndani ya baiti 256, FF00 hadi FFFF, na amri zake karibu zote ni alama, siyo maneno. Utaelewa sababu ukijaribu mwenyewe. Nataka amri iwe herufi moja. Andika, A. Endesha, E. Futa, F. Badili, B. Zote ni tarakimu za heksa! Ukipiga "A 0400" mashine haijui umetaja amri au namba. Jioni nzima nilikaa na kamusi nikitafuta vitenzi visivyoanza na A mpaka F, na sijawahi kuifurahia kamusi hivyo. Zikapatikana: S soma, W weka, K kimbiza, P pakia, J jaza, H hamisha. Ikiwa tayari inaandika TAYARI. Isipokuelewa inaandika SIJAELEWA, ambayo ni adabu zaidi kuliko kumwambia mtoto amekosea.

Kiswahili kinakaa vizuri kwenye mashine za zamani, wanaisimu watanisamehe. Herufi zetu zote zimo kwenye zile alama 128 za ASKI, hata kile kistari cha juu cha ng'ombe. Baiti moja ni baiti, baiti elfu ni baiti, kwa hiyo sihitaji ule msimbo wa kuongeza herufi ya wingi. Mashine ikiwaka inasema BAITI HURU 31744, na "huru" nayo haibadiliki, iwe moja au nyingi.

Tatizo lilikuja kwenye lugha ya programu. Nilikuwa nimekusudia BASIC ya Microsoft ya 6502, ambayo 2025 waliitoa msimbo wake bure, kisha nigeuze maneno: ANDIKA, KAMA, NENDA. Kwa upande wa nafasi haina tabu, kwa sababu kila neno la amri linahifadhiwa kama baiti moja, liwe fupi liwe refu. Lakini BASIC hiyo inatafuta maneno yake popote kwenye mstari, bila kujali nafasi. Weka NA kuwa kiunganishi, halafu mtoto aandike JINA. Mashine inasoma JI, NA. Weka AU, hawezi kuwa na DAU. Hilo ningeweza kulirekebisha. La pili ndilo lililonishinda: majina ya vigezo inayakumbuka kwa herufi mbili za mwanzo tu. Kwa Kiingereza unapona mara nyingi. Kwetu, neno linaanza na ngeli yake. KITI, KITABU, KIKOMBE, KIASI, vyote KI. MTOTO na MTU, vyote MT. Mtoto ataweka bei ya kitabu, ataweka bei ya kiti, na ya kwanza itapotea bila neno. Mashine itakuwa imemwambia, bila kukusudia, kwamba Kiswahili hakifanyi kazi hapa. Sikukubali.

Nikaenda kwa Forth. Ni lugha ya Charles Moore, ndogo, na fig-Forth ya 6502 iliyoandikwa na William Ragsdale inaingia kwenye 8K. Kila kitu ndani yake ni neno, maneno yanatenganishwa kwa nafasi, kwa hiyo JINA linabaki JINA. Majina yanaweza kufika herufi 31, na yote inayakumbuka. Na mahali yanapokaa panaitwa kamusi. Unampa mashine neno jipya kwa maneno inayoyajua, nalo linaingia kwenye kamusi, linakuwa sawa na yale niliyoyachoma mimi. RUDUFU, TUPA, BADILISHA, JUMLISHA, ANDIKA. Majina yetu ni marefu, ndiyo. Hata maneno 200 yakizidi herufi tatu tatu, ni baiti 600. Zipo.

Hapo ramani ya RAM ikabidi ipangwe upya, kwa sababu Forth hii inaweka rundo la namba zake ndani ya ukurasa sifuri. Sasa 0000 hadi 001F ni ya monita, 0020 hadi 007F rundo la Forth, nafasi 48 za namba, na 0080 hadi 00FF imegawanyika baina ya Forth na mtumiaji. 0200 ni mstari unaoandikwa pamoja na vielekezi vya mfumo. 0300 ni foleni ya herufi zinazoingia kwa siriali, na ni ukurasa mzima makusudi: baiti 256, kihesabio cha biti nane kinajirudisha sifuri chenyewe, hakuna msimbo wa kukagua mwisho. Kuanzia 0400 ni kamusi ya mtoto, hadi 7FFF. Hizo ndizo zile baiti 31744.

Kwenye ROM, Forth iko C000 hadi DFFF, monita na viendeshi vinaanzia E000, na FF00 nimeweka jedwali la milango: kila kazi ya mfumo ina mruko wake wa baiti tatu hapo, na anwani hizo hazitabadilika mpaka kiyama. Commodore walifanya hivyo, kuandika herufi ni FFD2. BBC walifanya hivyo, FFEE. Nyuma ya mlango badilisha fanicha upendavyo, programu ya mwaka jana haijui. Kwa mfano, matoleo mapya ya 65C51 yana kasoro inayofahamika: biti ya kusema "nimemaliza kutuma" inasema ndiyo kila wakati. Dawa ni kuhesabu: kwa 19200, herufi moja inachukua kama maikrosekunde 521, basi unaitumia saa ya 65C22 kungoja kidogo zaidi ya hapo. Nikipata chipu bora kesho, nabadilisha kiendeshi kimoja, mlango unabaki pale pale.

Sasa kaka yangu. Alikuja Jumapili, nikamwonyesha ramani, akaisoma yote, yeye ni mhandisi wa majengo, anaelewa viwanja. Akasema, "Nusu ya pili ya EEPROM weka Kiingereza." Shuleni wanasoma Paithoni, alisema. Atakwenda na SIJAELEWA kwa nani? Darasa zima litamcheka, na yeye ndiye atakayemfuta machozi, siyo mimi. Nikamwambia jampa ile ni ya usalama: nusu moja mfumo unaofanya kazi, nusu nyingine ule ninaoujaribu, ili nikiharibu mtoto asikose mashine. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mtoto wa miaka 11 akijua kuna jampa ya Kiingereza, jampa haitarudi upande wa pili tena. Hilo sikulisema, naye alilisikia.

Hana makosa kaka. Sisi wawili tulikuwa watoto wale waliobeba chapati shuleni wakaziacha kwenye begi. Ila nadhani mantiki haina lugha: akijua kwa nini rundo linajaa, atalijua kwa Paithoni pia. Tumekubaliana nusu ya pili ibaki toleo la majaribio hadi mwezi wa nane, kisha mwenye mashine aamue mwenyewe, bila mimi wala baba yake kuwa chumbani.

Mwenye mashine hana habari na mzozo. Yeye ana A000. Nilimwambia kile kiwanja ni chake, aseme kijengwe nini, akafikiri siku mbili akataka muziki, kwa hiyo natafuta chipu ya sauti na nitamwachia waya. Alipoona orodha ya maneno aliuliza, kwa Kiingereza bado, kama kuna neno la kufuta neno. Lipo. Kwenye Forth linafuta neno unalolitaja na yote yaliyoingia kamusini baada yake. Nikamwambia linaitwa SAHAU. Akalirudia mara mbili.

Jumamosi tunaanza, na hatuanzi na RAM wala ROM. Tunaiweka 6502 peke yake kwenye ubao wa kujaribia, waya nane za data tunazifunga kwa vipinga ili zisome EA daima. EA ni agizo la kutofanya kitu. Chipu itaamka, itasoma FFFC na FFFD, itapata EA na EA, itaanzia EAEA, na kuanzia hapo itakuwa inahesabu anwani moja moja ikitafuta kazi. Ukiweka taa za LED kwenye waya za anwani na saa ya polepole, unaiona ikitembea. Taa 16, rangi kachagua yeye. Za juu nne kijani, zilizobaki nyekundu.